Makaburi Yaliyosimama Kaskazini mwa Sabaki

Ukiuliza pale stendi ya Gongoni magofu ya Mambrui yalijengwa na nani, jibu la kwanza utakalopewa ni Waarabu. Ukibisha kidogo, mwingine atasema Wareno, maana kila jiwe kuukuu pwani hii lazima lipachikwe Vasco da Gama. Na tangu mwaka 2010 kuna jibu la tatu, ambalo vijana wanalipenda zaidi: Wachina. Majibu matatu, na katika yote hakuna hata mtu mmoja wa hapa. Ajabu ni kwamba anayejibu kazaliwa hapa, bibi yake kazaliwa hapa, na lugha anayojibia, kama tutakavyoona, imepewa ukoo kwa jina la mto wa hapa.

Nimekuwa nikitembea eneo hili kwa miguu, kutoka Gongoni kushuka Mambrui, na siku nyingine kuelekea Ngomeni, nikitafuta makaburi yenye kitu kilichosimamishwa juu yake. Yako ya aina mbili. Kuna ya mawe, yenye nguzo ya matumbawe na chokaa, waliyozikiwa Waislamu wakubwa wa miji ya kale. Na kuna ya Wagiriama, yenye nguzo za mti zilizochongwa, zinazoitwa vigango. Za mawe zimebaki chache. Za mti zimebaki chache zaidi, na sababu zake ni za aibu, nitazifikia. Ninachotaka kusema ni kwamba kaburi kwenye mwambao huu halijawahi kuwa jambo la wafu peke yao. Kaburi ni hati. Anayeweza kuonyesha wafu wake wamelala wapi ndiye anayeitwa mwenyeji, na ukishamwambia mtu kwamba makaburi yaliyo mbele ya macho yake si ya watu wake, umeshaanza kumwambia kwamba na ardhi si yake.

Kwa nini kwa miguu? Bodaboda itakufikisha Mambrui upesi tu, barabara hii ya Malindi kwenda Lamu ni ya lami. Lakini juu ya bodaboda huoni chini, na historia ya hapa nyingi iko chini: kigae cha chungu kilichotokeza baada ya mvua, jiwe la matumbawe lililochongwa likatupwa, kipande cha kaure ya kijani ukubwa wa ukucha. (Ukikiona kiache palepale. Kikitoka mahali pake hakimwambii mtu kitu tena, na sheria ya turathi ya mwaka 2006 haikuruhusu kukitia mfukoni.) Gongoni yenyewe ni mji wa chumvi. Kabla hujaona bahari unaona milima meupe ya chumvi na mabwawa mapana ambamo maji ya bahari huachwa juani yakauke. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kuhusu malalamiko ya wakazi wa Magarini juu ya sekta hii ya chumvi: watu kuhamishwa, visima kuingia chumvi. Unapita kando ya mabwawa hayo asubuhi, jua halijawa kali, halafu unashika njia ya kusini. Ukitembea bila pupa, saa mbili hivi zinatosha.

Mambrui iko ufukweni, kaskazini kidogo ya mdomo wa mto Sabaki. Mchanga wake unametameta kama umenyunyiziwa vumbi la dhahabu, na masika bahari yake huwa nyekundu kwa udongo ulioletwa na mto kutoka bara. Msomaji wa Nairobi ajue kwamba mto huu ni Athi uliobadilisha majina njiani, ukawa Galana, kisha Sabaki. Maji ya mifereji ya Nairobi mwisho wake ni hapa. Kwa hiyo usiseme Mambrui hukujui. Umeshatuma mzigo wako.

Kaburi maarufu la Mambrui ni la karne ya 15 kwa makadirio ya wengi. Nguzo yake ilikuwa ndefu, imesimama juu ya kuta za kaburi zilizonakshiwa, na upande wa juu ilikuwa imepachikwa mabakuli ya kaure kutoka China, yakitazama nje kama macho. Miaka ya 1930 nguzo ikaanguka. Leo unachokiona ni mabaki tu, na inabidi uijenge mwenyewe akilini. Si mabakuli ya hapa tu yaliyopungua. Ukipita makaburi ya nguzo ya mwambao huu utakuta matundu ya mviringo kwenye chokaa, safi kabisa, palipobanduliwa bakuli au sahani na mtu aliyejua bei yake.

Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking, wakifanya kazi pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walichimba Mambrui na Malindi. Wakapata sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kati ya 1403 na 1424. Habari ikazunguka dunia. Kumbukumbu za China zinaeleza kwamba mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulipeleka twiga kwa mfalme huyo, na kwamba merikebu za amiri Zheng He zilifika upande huu miaka michache baadaye. Sarafu ikawa kama muhuri wa hadithi hiyo. Wanasiasa wakaipenda, watalii wakaipenda, na ndipo likazaliwa lile jibu la tatu la stendi ya Gongoni.

Sasa fikiria kidogo. Nyumbani kwako kuna sufuria kutoka India, simu kutoka China, na kanga iliyochapishwa kwingine. Je, nyumba ni ya nani? Bakuli la kaure lililopachikwa kwenye kaburi la Mambrui linatueleza kwamba aliyezikwa alikuwa na uwezo, na kwamba watu wake walijua bidhaa nzuri wakiiona. Halielezi kwamba Mchina alizikwa pale. Tena, nenda China ukatafute kaburi la namna hii, hutalipata. Nenda Arabuni, hutalipata. Makaburi ya nguzo yanapatikana kuanzia kusini mwa Somalia, yakaja Lamu, Malindi, Gede, Mnarani, yakafika hadi Kaole karibu na Bagamoyo. Ni mtindo wa pwani hii, uliobuniwa na watu wa pwani hii kwa wafu wao. Huko Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la nguzo kufanya ziara na kuomba mvua. Wao hawajawahi kuuliza lilijengwa na nani.

Kwa maoni yangu ugunduzi mkubwa wa Mambrui si ile sarafu bali ni mavi ya chuma, yale mabonge mazito meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha chuma. Yamepatikana Mambrui. Na Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika kule Sicily mwaka 1154, alisema watu wa Malindi huchimba chuma na kukiuza, na kwamba biashara hiyo ndiyo inayowapa faida kubwa. Watafiti wengine wanajiuliza kama Malindi ya Al-Idrisi haikuwa hapa Mambrui, karibu na mdomo wa mto. Iwe ilikuwa hapa au pale, mavi ya chuma yanataja watu wasiotajwa na kaure: mtu wa kukata miti ya makaa, mtu wa kuvukuta mivukuto, mtu wa kubeba. Wageni wa baharini walikuja kununua kitu. Lazima alikuwepo wa kukitengeneza. Lakini hakuna mtalii anayepiga picha na bonge la mavi ya chuma, nawe huwezi kumlaumu.

Jibu la Waarabu nalo lina historia yake. James Kirkman, Mwingereza aliyekuja kusimamia magofu ya Gede mwaka 1948, alikuwa mchimbaji hodari na kazi yake bado inasomwa. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 alikiita, kwa Kiingereza, mji wa Kiarabu wa Gedi. Jina hilo likaingia shuleni, likaingia kwenye mabango, likaingia kwenye midomo ya waongozaji wageni. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya awali ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, hadi karne ya 8. Yaani mji wa mawe haukuletwa kwa jahazi ukiwa mzima. Ulianza kama kijiji cha nyumba za udongo, kama ambavyo Gongoni ilianza, na jiwe likaja baadaye watu walipopata. Wanaakiolojia wa Kenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba wameitetea hoja hii kwa miaka mingi.

Halafu Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Mtwapa ikiwemo, iliyo katika kaunti hiihii ya Kilifi. Matokeo yalichanganya kila mtu aliyekuwa na jibu rahisi. Upande wa mama, asili karibu yote ni ya Afrika. Upande wa baba, wengi wana asili ya Asia, hasa Uajemi, na uchanganyikaji ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakisema sisi ni Washirazi hawakuwa wakiota ndoto, na wanaosema huu ni ustaarabu wa Kiafrika hawakuwa wakijipendekeza. Mgeni alikuja, akaoa, akazaa, na watoto wakalelewa kwa lugha ya mama.

Na lugha ya mama ndiyo hii ninayoandika. Wanaisimu wameiweka Kiswahili kwenye ukoo mmoja na lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro, na ukoo huo wameupa jina la mto unaouvuka ukitoka Malindi: lugha za Sabaki. Mgiriama akisema mudzi na Mswahili akisema mji, ni neno moja. Madzi na maji, neno moja. Watu wa nguzo za mawe na watu wa nguzo za mti walikuwa na bibi mmoja kabla dini na biashara hazijawatenganisha, na ukitembea kutoka kaburi la hawa hadi kaburi la wale kwa siku moja, inakuwa vigumu kutoona kwamba wote wawili walifikiria jambo lilelile. Kwamba mtu mkubwa akilala, kitu fulani lazima kisimame. Kuna watafiti waliopendekeza kwamba nguzo za mawe zilitokana na nguzo za mti. Wengine wanaangalia kaskazini, kwa Waoromo na watu wa Pembe ya Afrika ambako mawe yamesimamishwa makaburini kwa karne nyingi. Mimi nimetembea kote kuwili na naegemea upande wa mti, ingawa sina ushahidi zaidi ya macho yangu.

Kigango, basi. (Si kile cha Kanisa Katoliki, cha chini ya parokia; neno limegongana tu.) Kigango cha Wagiriama ni ubao mnene wa mti mgumu, mrefu kuliko mtu mara nyingi, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu zilizochongwa kwa subira. Hakisimamishwi kwa kila mtu. Ni cha waliokuwa katika chama cha Gohu, wanaume wenye mali na heshima. Wengine husimamishiwa kijiti kifupi kiitwacho koma, na koma ndilo pia jina la roho za waliokufa. Kigango huweza kusimamishwa miaka mingi baada ya mazishi, pengine marehemu akimjia mtu ndotoni na kulalamika, au nyumba ikianza kuandamwa na magonjwa. Na kikishasimamishwa hakiondolewi. Ukoo ukihama, kigango kinabaki mpaka mchwa na mvua vimalize kazi.

Hapo kwenye "ukoo ukihama" ndipo wezi walipopatia mlango. Kuanzia miaka ya 1970 maduka ya vinyago ya pwani yaligundua kwamba Wazungu wanalipa vizuri kwa vigango. Kijana asiye na kazi, usiku mmoja, jembe na gunia, na babu wa mtu anaondoka kuelekea Mombasa. Kutoka Mombasa kwenda Marekani, kwenye majumba ya watu wa filamu wa Hollywood, na kutoka huko kwenda makumbusho, maana ukikabidhi kitu cha sanaa kwa makumbusho unapunguziwa kodi. Watafiti wawili wa Kimarekani, Monica Udvardy na Linda Giles, walihesabu vigango zaidi ya 290 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Kisa cha jinsi walivyoanza kuhesabu ni hiki. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, na siku moja kwenye mkutano wa wasomi Marekani akaona picha ya slaidi: kigango kilekile, kikiwa ndani ya makumbusho ya Illinois. Cha pili kikaonekana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mazungumzo yakachukua miaka, na mwaka 2007 vyote viwili vikarudishwa Kenya kwa sherehe. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kigango kilichorejeshwa nyumbani kilizungushiwa nondo za chuma kisiibwe tena, na kwa hiyo huyo ndiye babu pekee ninayemjua aliyefungwa gerezani kwa kosa la kuibwa. Baadaye makumbusho mengine yalifuata. Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha 37 mwaka 2023. Vingi kati ya hivyo haviwezi kufika nyumbani, kwa sababu wakati wa kuibwa hakuna aliyeandika vilitoka boma gani. Vimerudi Kenya, lakini viko ghalani.

Ndiyo maana ukitembea vijiji vya nyuma ya Gongoni na kuuliza habari za vigango, watu wanakutazama kwa jicho la pembeni. Anayeuliza kigango kiko wapi, wanamjua. Nenda kwanza kwa mzee wa mtaa, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani, na simu iache mfukoni mpaka uambiwe. Mara nyingi hutaambiwa, nawe urudi na shukrani.

Tuje kwenye ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya mwambao wa maili 10, ule uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye madai alete ushahidi, apewe hati. Waliokuwa na nyaraka, mawakili na lugha ya mahakama ni wenye mashamba wa Malindi na Mambrui, na wanunuzi waliofuata. Mijikenda kwa sehemu kubwa wakabaki nje ya daftari, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Vizazi vilivyofuata vikaitwa maskwota juu ya udongo uliowazika babu zao. Ninaposikia mtu akisema magofu ni ya Waarabu, nasikia mwangwi wa daftari lile. Kama pwani ilijengwa na Waarabu, basi wengine wote ni wapitaji, na mpitaji hana dai.

Miaka mitano baadaye Mekatilili wa Menza akawahamasisha Wagiriama wakatae kodi na kazi ya lazima. Alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu, safari ambayo ikilinganishwa na saa zangu mbili za Gongoni hadi Mambrui inanifanya ninyamaze. Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti, nyumba zikachomwa, na Wagiriama waliokaa kaskazini ya Sabaki, yaani upande huuhuu ninaotembea, wakaamriwa wavuke mto wahamie kusini. Waliruhusiwa kurudi miaka michache baadaye. Lakini hebu waza: familia inavuka mto na mbuzi na watoto, na wafu wamebaki ng'ambo, wamesimama peke yao porini. Waliporudi, ni hao wafu waliowaonyesha shamba la nani linaanzia wapi. Mpaka leo, kesi ya ardhi ikifika kwa wazee Magarini, huulizwi kwanza cheti. Unaulizwa mikorosho ni ya nani, minazi ni ya nani, na makaburi yako wapi. Mekatilili mwenyewe kazikwa Bungale, humuhumu Magarini, na watu huenda kulizuru kaburi lake.

Kama unataka kurudi nyuma zaidi ya kila dai, Kilifi inakuruhusu. Kwenye vilima vya nyuma ya pwani kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba ndani yake walipata kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu hivi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na inavyoonekana alifungwa kwenye kitu kama sanda na kichwa kikawekewa mto. Watafiti wakampa jina la Mtoto. Hakuna nguzo juu yake. Hakuna kabila la kumdai wala la kumkana. Mtu fulani alichimba shimo, akamlaza vizuri, akamfukia, na ndiyo yote tunayoijua.

Siku ya Ngomeni nenda mapema, maana kutoka Gongoni ni mbali zaidi na kivuli ni kidogo. Njia inapita kando ya mabwawa ya chumvi na mikoko mpaka kijiji cha wavuvi, na baharini, mbele kabisa, unaona kitu kisichofanana na lolote: majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya miguu mirefu ndani ya maji. Ni San Marco ya Waitaliano. Kutoka pale, tarehe 26 Aprili 1967, ilirushwa setilaiti yao ya kwanza kutoka Kenya, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Waliiita Uhuru. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988, na sasa ni kutu na ndege wa baharini. Nilikaa nikiangalia ile miguu ya chuma nikafikiria mtu wa miaka 500 ijayo akiuliza imejengwa na nani. Atajibiwa Waitaliano, na safari hii jibu litakuwa sahihi. Lakini wavuvi waliozuiwa kutupa nyavu siku za roketi, wapishi, vibarua, manahodha wa boti za kuwavusha mafundi, watakuwa wameshaingia kwenye kundi la wale wayeyusha chuma wa Mambrui.

Kuna kundi jingine ambalo sijaligusa. Malindi na Mambrui tunazoziona leo zilifufuliwa katika karne ya 19, kuanzia miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid, kwa kilimo cha mtama na ufuta kilichouzwa Arabuni. Waliolima ni watumwa, maelfu, walioletwa kwa majahazi kutoka kusini. Baadhi walitoroka wakajenga vijiji vyao bara, kando ya Sabaki. Wenyeji waliwaita watoro. Wengi hawakutoroka. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, mwaka mmoja tu kabla ya ile sheria ya hati. Hawa hawakuwa na nguzo ya jiwe wala ya mti.

Mara ya mwisho nilipokuwa Mambrui nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akikaa kivulini nje ya msikiti, baada ya shikamoo na marahaba na maswali marefu ya ukoo wangu, kama anajua watumwa wa mashamba ya zamani walizikwa wapi. Alinyamaza kidogo.

"Hiyo sikuambiwa, mwanangu," akasema. "Lakini baba alikuwa akitukataza kulima ile pembe ya shamba, upande wa mwembe."

"Hakusema kwa nini?"

"Hakusema, na enzi zile mtoto hakuulizi."

Tulikwenda kuiona. Mwembe umeshakatwa na pembe imelimwa, ina mihogo mizuri tu.